Dhiki za Utotoni na Hatari ya Uraibu: Yaliyojulikana Kutokana na Wanyama

Waraka huu umekusudiwa wazazi, walezi na jamaa wanaosoma Kiswahili katika Mkoa wa Maskati.

Familia iliyofikwa na mtihani wa dawa za kulevya hujiuliza swali moja kila siku: imekuwaje ndugu wawili walale chumba kimoja, wale sinia moja, kisha mmoja aonje dawa na kuiacha, na mwingine aonje asiweze tena kutoka? Majibu yake ni mengi. Urithi wa damu una sehemu yake, marafiki wana sehemu yao, na wepesi wa kuipata dawa yenyewe una sehemu kubwa. Hapa yanaelezwa yahusuyo sehemu moja tu, ambayo husahauliwa kwa kuwa ilipita kabla mtoto hajajua kusema: dhiki aliyoipata mwanzoni mwa maisha yake.

Jambo hili haliwezi kupimwa kwa binadamu moja kwa moja. Hakuna daktari awezaye kumtenga mtoto mchanga na mama yake kwa makusudi ili aone atakuwaje baada ya miaka ishirini. Kwa hiyo sehemu kubwa ya elimu hii imetokana na panya wa maabara na kima. Kipimo chenyewe si kigumu kukielewa. Panya aliyekwisha kukua huwekwa katika kizimba chenye kibao. Akikibonyeza, kiasi kidogo cha kokeini humwingia mshipani kwa mpira mwembamba. Halazimishwi. Mtafiti huhesabu tu ni mara ngapi amebonyeza, na amechukua siku ngapi kujifunza kufanya hivyo.

Mwaka 2000 Therese Kosten na wenzake, huko Marekani, walitoa matokeo ya panya waliotengwa peke yao kwa saa moja kila siku, tangu siku ya 2 hadi ya 9 baada ya kuzaliwa. Walipokuwa wakubwa, panya hao walijifunza kujipatia kokeini kwa wepesi kuliko wenzao ambao hawakutengwa. Mwaka uliofuata, watafiti wa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, walionyesha jambo kama hilo kwa pombe: panya waliotengwa na mama yao saa tatu kwa siku katika majuma mawili ya mwanzo walikunywa zaidi ukubwani kuliko wale waliotengwa dakika 15 tu. Walipopewa dawa ya kutibu sonona, unywaji wao ulipungua.

Hizo dakika 15 zinastahili kuangaliwa, kwani hazikuwa na madhara. Katika majaribio mengine panya waliotengwa kwa muda mfupi hivyo walitumia kokeini kidogo kuliko wote. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba mama akirudishiwa watoto wake upesi huwalamba na kuwashughulikia kwa bidii zaidi. Mwaka 1997 kundi la Michael Meaney, huko Montreal, Kanada, lilibainisha kwamba watoto wa panya waliolambwa sana hukua wakiwa na miili inayotulia mapema baada ya hofu. Na watoto waliozaliwa na mama asiyelamba sana, wakihamishiwa kwa mama mlezi anayelamba, hufuata tabia ya yule aliyewalea.

Mwilini mambo huenda hivi. Kila hofu inapokuja, ubongo huziamuru tezi zilizo juu ya figo zimwage homoni za msongo, kisha huzizuia hofu inapokwisha. Kichanga aliyelelewa kwa utulivu hupata breki nzuri. Aliyedhikika mno hubaki na breki dhaifu, na homoni hizo zikizidi huamsha njia zile zile za ubongo ambazo kokeini huziamsha, njia za kemikali iitwayo dopamini. Dawa basi humpa mtu wa namna hii nafuu ambayo mwenzake haioni kuwa kubwa hivyo.

Kima wameongeza funzo jingine. Mwaka 1991 J. Dee Higley na wenzake waliwapima kima waliolelewa na wenzao wa rika moja bila mama, na wengine waliolelewa na mama zao. Kwa siku za kawaida, wasio na mama walikunywa pombe zaidi. Lakini wote walipotenganishwa na wenzao, wale waliolelewa vizuri nao waliongeza unywaji mpaka wakakaribiana nao. Malezi mema ni kinga, ila dhiki ya leo nayo ina nguvu, na haifai kijana aliyetoka nyumba njema adhaniwe kuwa hawezi kuanguka.

Mama anayekwenda kazini asijihukumu kwa habari hizi. Mtoto wa panya wa siku chache hawezi hata kujitia joto mwenyewe. Saa tatu bila mama kwake ni baridi na njaa. Mtoto wa Maskati aliyeachwa kwa bibi au shangazi ampendaye yuko mapajani mwa mtu, na panya wa maabara hana shangazi. Isitoshe, matokeo hutofautiana kwa ukoo wa panya na kwa dume na jike, na yapo majaribio ambayo hayakuona tofauti yoyote. Linalolingana zaidi na dhiki hizo kwa binadamu ni kipigo, kutelekezwa, na nyumba ya ugomvi usiokwisha. Uchunguzi mkubwa wa watu wazima uliotolewa Marekani mwaka 1998 ulionyesha kwamba waliopitia aina nne au zaidi za mateso ya utotoni walikuwa katika hatari kubwa mno ya ulevi na uraibu. Hata hivyo, si wote waliopitia hayo walionaswa.

Wala mlango haufungwi utotoni. Mwaka 2002 ilionekana kwamba panya waliotengwa na mama, wakihamishiwa baada ya kuachishwa ziwa katika vizimba vipana vyenye wenzao na vya kuchezea, walipevuka wakiukabili msongo karibu sawa na wasiotengwa.

Kwa sababu hiyo, mgonjwa anapopelekwa Hospitali ya Al Masarra huko Al Amerat, panapotibiwa maradhi ya akili na uraibu, au kituo cha afya kilicho karibu, ni vyema habari za utoto wake zisemwe pamoja na habari za dawa: kufiwa, kutengana kwa wazazi, kuhamahama, kipigo, ugonjwa wa muda mrefu. Mengine mgonjwa mwenyewe hayakumbuki. Bibi au shangazi aliyekuwapo wakati ule, akiweza, aende naye.