Kituo cha Tunguu na Safari za Kwanza za Wamarekani Angani

Mwanafunzi, mada hii inagusa sayansi na siasa kwa pamoja, na ndiyo sababu watahiniwa huiharibu. Ukiulizwa juu ya Zanzibar wakati wa Vita Baridi, huenda utakumbuka Mapinduzi ya 12 Januari 1964 na Muungano, kisha uiruke Tunguu kabisa. Au utaandika kwamba Wamarekani walirusha roketi kutoka Unguja. Hakuna roketi ya Marekani iliyorushwa Unguja. Kilichokuwepo ni kituo cha kusikiliza, na historia yake ina mafunzo mengi kuliko hiyo roketi ya kubuni.

Marekani iliunda shirika la NASA mwaka 1958 na kuanzisha mradi wa Mercury: kumpeleka mtu mmoja angani, kumzungusha duniani na kumrudisha akiwa hai. Wasovieti waliwatangulia. Tarehe 12 Aprili 1961 Yuri Gagarin aliizunguka dunia mara moja, safari ya dakika 108. Mmarekani wa kwanza, Alan Shepard, alipaa tarehe 5 Mei mwaka huohuo, lakini kwa dakika 15 tu. Alipanda na kushukia Bahari ya Atlantiki. Usimpitishe Shepard juu ya Afrika. Mmarekani wa kwanza kupita huku alikuwa John Glenn, tarehe 20 Februari 1962.

Kwa nini walihitaji Zanzibar? Wakati ule hapakuwa na satelaiti za kupokea sauti ya mwanaanga na kuipeleka kwao. Ilisafiri kwa mawimbi ya redio, ambayo hapa tuyachukulie kuwa yanakwenda kwa mstari ulionyooka, na dunia ni duara. Chombo kikizama nyuma ya upeo wa macho, mawasiliano yanakatika. Chukua kalamu tufanye hesabu. Chombo kikiwa kilomita 200 juu, kituo kilicho chini kinaweza kukisikia kikiwa bado umbali wa kama kilomita 1,600, na kikishapita juu kikaendelee kukisikia kwa kilomita 1,600 nyingine. Jumla ni kilomita 3,200. Mwendo wake ulikuwa kama kilomita 7.8 kwa sekunde. Gawanya, utapata sekunde 410, yaani chini ya dakika saba. Baada ya hapo, kimya.

Ili uuone mwendo huo vizuri: kutoka hapa Mpemba hadi Unguja kwa mstari ulionyooka ni takriban kilomita 790. Wewe utapanda basi Tunduma, umalize siku nzima barabarani hadi Dar es Salaam, kisha utafute boti. Chombo cha Glenn kingeumaliza umbali huo kwa sekunde mia moja hivi.

Kwa hiyo walipanga vituo 18 kuuzunguka ulimwengu, viwili vikiwa melini. Roketi ilirushwa kuelekea mashariki kutoka Cape Canaveral, Florida, ili isaidiwe na mzunguko wa dunia yenyewe. Njia yake ilivuka Atlantiki, ikapita karibu na Kano nchini Nigeria, ikashuka kusini-mashariki hadi pwani yetu, kisha Bahari ya Hindi hadi Australia. Tazama ramani yako ya Afrika, uweke kidole Kano, ukisogeze hadi Unguja. Bila kituo upande huu, sehemu ndefu ya safari ingepita bila mtu kujua kama mwanaanga anapumua.

Kituo kilijengwa Tunguu, mashariki ya Mji wa Zanzibar, eneo ambalo leo linajulikana zaidi kwa chuo kikuu cha SUZA. Kazi yake ilikuwa kuzungumza na mwanaanga na kupokea vipimo vya mwili wake na vya chombo, kisha kuvituma kwa teleprinta hadi Goddard, karibu na Washington. Kabla ya binadamu walijaribu kwa uangalifu: Septemba 1961 ilizungushwa mashine iliyoiga upumuaji wa mtu, na Novemba akafuata sokwe aliyeitwa Enos. Kisha Glenn. Aliondoka Florida saa 3:47 asubuhi ya huko, ambayo kwa saa zetu za leo ni saa 11:47 jioni. Baada ya nusu saa hivi alikuwa upande wetu, jua likielekea kutua, na mbele yake, juu ya Bahari ya Hindi, ukamkuta usiku. Alizunguka mara tatu kwa saa 4 na dakika 55. Walimfuata Carpenter na Schirra mwaka 1962, na Cooper, aliyezunguka mara 22, Mei 1963.

Sasa siasa, na hapa ndipo penye alama. Mkataba wa kituo ulitiwa saini tarehe 14 Oktoba 1960. Nani walisaini? Marekani na Uingereza. Zanzibar ilikuwa nchi lindwa chini ya Uingereza. Ilikuwa na Sultani, ilikuwa na vyama, lakini mambo yake ya nje yaliamuliwa na Waingereza. Chama cha ZNP kilikipinga kituo, na wapinzani walihofu kwamba kisiwa kingegeuzwa shabaha iwapo mataifa makubwa yangepigana.

Wanafunzi wengine huandika kwamba wapinzani hao hawakuelewa sayansi. Jibu hilo ni jepesi mno. Ni kweli kwamba Tunguu hapakuwa na silaha. Lakini roketi iliyombeba Glenn, Atlas, ilikuwa imeundwa kwanza kama kombora la masafa marefu, na wanaanga wote saba wa Mercury walikuwa maofisa wa jeshi. Mtu wa Unguja mwaka 1960, aliyeambiwa tu kwamba wakubwa wamekubaliana, angetofautishaje? Sisi wa mpakani Tunduma tunajua kwamba mzigo hata uwe halali, bado unaulizwa karatasi zake na anayeziidhinisha. Swali la wapinzani lilikuwa hilohilo: nani katoa idhini?

Linganisha na bara. Glenn alipopita, Tanganyika ilikuwa imepata uhuru miezi miwili na siku chache nyuma, tarehe 9 Desemba 1961. Zanzibar ilisubiri hadi 10 Desemba 1963, na mwezi mmoja baadaye yakaja Mapinduzi. Wamarekani wengi wakaondolewa kwa manowari yao iitwayo Manley. Aprili 1964 serikali ya Rais Abeid Amani Karume ilitaka kituo kiondolewe, nacho kikaondolewa. Angalia mfuatano wa matukio: dai hilo lilitangulia Muungano wa 26 Aprili 1964, hivyo usiandike kwamba Muungano ndio uliofunga Tunguu. Mradi wa Mercury wenyewe ulikuwa umekwisha mwaka uliotangulia. Katika mradi uliofuata, Gemini, kazi ya upande huu ilifanywa na kituo cha Tananarive, Madagaska.

Jaribu maswali haya bila kufungua daftari. Kwanza, eleza kwa hesabu kwa nini kituo kimoja hakikutosha, ukitumia kimo cha kilomita 260 ambapo upeo wa kusikika ni kama kilomita 1,800 kila upande. Pili, jadili kauli hii kwa hoja za pande zote mbili: "Wapinzani wa kituo cha Tunguu walikosea kuhusu mitambo, lakini hawakukosea kuhusu mkataba." Swali la pili lina alama 15, usilijibu kwa nusu ukurasa.