Elimu ya Afya: Je, Tembe za Antioksidanti Huongeza Kinga ya Mwili?

Huenda umewahi kuuziwa tembe au poda kwenye steji ukiambiwa ina antioksidanti za "kusafisha damu na kuongeza kinga". Kabla ya kutoa pesa zako, fahamu jinsi kinga hiyo inavyofanya kazi.

Ukijikata na panga shambani na bakteria waingie kwenye kidonda, seli nyeupe za damu ziitwazo nyutrofili huwa miongoni mwa za kwanza kufika. Huwameza bakteria, kisha hutumia oksijeni kwa wingi kutengeneza kemikali kali. Mojawapo ni ya jamii moja na kiuaviini kilicho ndani ya blichi ya kufulia. Watoto wachache huzaliwa na seli zisizoweza kutengeneza kemikali hizi, nao huugua mara kwa mara maambukizi makali ya bakteria na kuvu.

Hata hivyo, silaha hii hukata kuwili. Kemikali hizo zikimwagika nje ya seli kwa muda mrefu, huharibu tishu za mwili wenyewe. Antioksidanti, kama vile vitamini C na E, huzipunguza makali. Zipo pia dawa za hospitali: asetilisisteini huusaidia mwili kutengeneza antioksidanti yake, na huokoa ini la mtu aliyemeza parasetamoli kupita kiasi.

Lakini kuongeza tembe si kuongeza afya. Nchini Ufini, utafiti uliotangazwa mwaka wa 1994 uliwahusisha wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000. Waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wale ambao hawakupewa.

Mambo ya kuzingatia:

1. Kula mboga na matunda: sukuma wiki, terere, mapera, maembe.

2. Ukivuta sigara, usitumie tembe za beta-karotini.

3. Usiache dawa za kifua kikuu, kisukari au za kupunguza makali ya HIV kwa sababu ya tembe za kununua.

4. Vitamini A wanayopewa watoto wa miezi 6 hadi 59 kliniki kila baada ya miezi 6 ni jambo tofauti. Endelea kuwapeleka.

5. Unapotibiwa, mweleze daktari au muuguzi kila tembe unayotumia.