Skrubu za Kujitobolea Zisizoachia Kichwa Nje
Mwongozo kwa mafundi na wenye nyumba wanaofunika fremu za chuma

Kijitabu hiki ni cha mafundi wa kuchomelea, maseremala, wafunga dari, na wenye nyumba wanaokwenda dukani kununua vifaa wenyewe. Kinazungumzia kazi moja: kufunga ubao, bati bapa au shiti nyingine juu ya fremu ya chuma bila kichwa cha skrubu kubaki kimechomoza. Geti lililofunikwa bati, kibanda cha biashara, kontena lililogeuzwa duka, sakafu ya mbao kwenye gari la mizigo, zote ni kazi za aina hiyo. Kichwa kilichochomoza kwenye kazi kama hizo huchana nguo na ngozi, na huzuia mlango kufunga.

Madukani wengi huomba skrubu kwa urefu: "Nipe za inchi moja na nusu." Muuzaji hutoa pakiti iliyo karibu na biashara imekwisha. Urefu ungefaa kuulizwa mwisho kabisa. Kwanza ujue unene wa chuma kitakachotobolewa, halafu kitu kinachofungwa juu yake, halafu mahali kazi itakapokaa. Ukishayajua hayo, urefu unapatikana kwa kujumlisha tu.

Ncha na unene wa chuma

Skrubu ya kujitobolea ina ncha iliyochongwa kama biti ya drili. Ncha inatoboa, meno yanayofuata yanajikatia njia ndani ya tundu, kisha kichwa kinakaza. Yote hufanyika kwa mkupuo mmoja, lakini kwa sharti: ncha iwe imeshapenya chuma chote kabla jino la kwanza halijakigusa. Meno huivuta skrubu mbele haraka kuliko ncha inavyoweza kukata. Yakishika huku ncha ingali katikati ya chuma, skrubu inavutwa kuingia mahali ambapo hapajatoboka. Hapo ama inakatika shingo, ama meno yake yanalika, na fundi hudhani drili yake haina nguvu.

Ndiyo maana kila kipenyo kina mpaka wake. Kiwango cha Ujerumani cha DIN 7504, kinachofuatwa na watengenezaji wa nchi nyingi, kinaeleza kwamba skrubu ya kipenyo cha milimita 3.5 hutoboa chuma cha unene wa milimita 0.7 hadi 2.25. Ya 4.2 hutoboa 1.75 hadi 3, ya 4.8 hufika 4.4, ya 5.5 hufika 5.25, na ya 6.3 hufika milimita 6. Pakiti nyingine hazitaji milimita, zinaandika namba: namba 6 ndiyo 3.5, namba 8 ni 4.2, namba 10 ni 4.8, namba 12 ni 5.5, na namba 14 ni 6.3. Ukikuta pia namba ya ncha, kuanzia 1 hadi 5, hiyo ni habari nyingine. Inaeleza urefu wa ile sehemu ya kutobolea, na ncha namba 5 ndiyo ndefu, ya chuma kinene cha kufikia milimita 12.

Unene unaohesabiwa ni wa chuma chote ambacho ncha itapita. Bati la milimita 1 juu ya skwea paipu yenye ukuta wa milimita 2 ni milimita 3, na kama kuna uwazi kati yake, uwazi huo nao unajumlishwa, kwa sababu ncha inapaswa kuuvuka kabla meno hayajashika. Pima ukuta wa bomba kwa kalipa, kwenye ncha iliyokatwa, mbali na mshono wa kuchomelea. Usitegemee unene uliotajwa kwa mdomo. Kwenye mabati kumbuka pia kwamba geji inakwenda kinyume: geji 32 ni jembamba kuliko geji 28.

Kichwa gani kilale wapi

Kuna aina mbili za vichwa zinazochanganywa sana, na hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika.

Ya kwanza ni kichwa cha koni: bapa juu, kimechongoka kuelekea chini, kwa kawaida kwa pembe ya nyuzi 90. Kichwa hiki huzama ndani ya kitu kinachofungwa mpaka kiwe sawa na uso wake. Ili kizame, kinahitaji mwili wa kuzamia. Kwenye skrubu ya 4.2 kichwa kina kina cha karibu milimita 2.6, na kwenye ya 4.8 karibu 2.8. Plaiwudi ya milimita 12 au 18 inakipokea bila shida, hasa kama chini ya kichwa kuna vimbavu vidogo vinavyokata mbao kinapozama. Bati la geji 28 lina unene wa karibu milimita 0.4 tu. Kichwa cha koni kikikazwa juu yake hakina pa kuzama. Kinalibonyeza bati, kinalitanua tundu, na mwishoni bati linashikwa na ukingo mwembamba uliokwisha kupasuka. Upepo ukilitikisa miezi michache, tundu linakuwa refu na bati linaanza kupiga kelele.

Bati jembamba linataka aina ya pili: kichwa kipana, chembamba, kilicho bapa chini na chenye uvimbe mdogo juu. Hiki hakizami. Kinalala juu ya bati na kulibana kwa eneo kubwa, huku kikiwa kifupi kiasi kwamba unaweza kufunga jipsamu au ubao juu yake bila kuonekana nundu. Kwa kuunga fremu nyembamba zenyewe kwa zenyewe kabla ya kuzifunika, hakuna kichwa kinachofaa zaidi. Ukitaka uso wa bati jembamba uwe laini kabisa, skrubu yoyote itakuangusha: kunja kingo za bati zizunguke fremu, au tumia gundi ya ujenzi iliyotengenezwa kwa ajili ya metali. Shiti ya chuma ya milimita 3 na kuendelea inaweza kupokea kichwa cha koni, mradi tundu lake litobolewe na kuchongwa kwanza kwa biti ya koni.

Mbao juu ya chuma ina shida yake. Chukua plaiwudi ya milimita 18 juu ya bomba la ukuta wa milimita 2 na skrubu ya kawaida ya kujitobolea. Ncha inapenya mbao kwa urahisi, na meno yanaikamata mbao ncha ikiwa bado haijagusa chuma. Ncha inapofika kwenye chuma inasimama kukata, ila meno yanaendelea kuipandisha plaiwudi juu ya skrubu. Ukitazama ubavuni utaona mwanga kati ya ubao na fremu, na ukizidi kukaza mwanga hauondoki. Dawa yake ni skrubu yenye mbawa mbili ndogo nyuma ya ncha. Mbawa zinapanua tundu la mbao ili meno yapite bila kushika. Kwanza unaona unga wa mbao, kisha vinyweleo vya chuma vinavyong'aa vinatoka, kisha unasikia mlio ukibadilika mbawa zinapogonga chuma na kukatika, na ghafla ubao unavutwa chini na kichwa kinazama.

Mbawa zinahitaji chuma chenye ubishi wa kuzikata. Kwenye bomba la ukuta wa milimita 1.2 zinaweza zisikatike, zikapanua tundu la chuma lenyewe na meno yakakosa pa kushika. Kwa mabomba hayo membamba tumia skrubu isiyo na mbawa, na tangulia kutoboa mbao peke yake kwa biti kubwa kidogo kuliko meno.

Paa liko nje ya mambo haya. Usifunge mabati ya paa kwa skrubu za kichwa cha koni wala kichwa bapa, hata kama zinapendeza zaidi. Paa linataka kichwa cha pembe sita chenye washa ya mpira, kwa sababu mpira ndio unaozuia maji.

Kutu na hewa ya bahari

Skrubu zinazong'aa fedha au njano madukani nyingi zimepakwa zinki kwa umeme, tabaka jembamba sana. Ndani ya nyumba zinatosha. Mbele ya bahari, Tanga, Zanzibar, Mombasa au Lamu, chumvi ya hewani hulimaliza tabaka hilo mapema, na kichwa kilichozama hushika unyevu zaidi ya kilicho juu. Huko nunua zenye mipako minene iliyotengenezwa kwa kazi za nje, au chuma cha pua cha daraja 316.

Chuma cha pua cha 304 na 316 ni laini mno kutoboa chuma kingine. Skrubu nzuri za daraja hizo huunganishiwa ncha ya chuma kigumu cha kawaida. Skrubu inayodaiwa kuwa ya chuma cha pua na ambayo ni ngumu mwili mzima mara nyingi ni ya daraja 410, inayotoboa vizuri lakini hushika kutu mapema zaidi. Chukua sumaku dukani. Ya 410 itavutwa yote kwa nguvu. Yenye ncha ya kuunganisha itavutwa nchani, na kichwani haitavutwa au itavutwa kidogo tu.

Angalia pia metali zinazokutana. Skrubu za chuma cha zinki kwenye shiti ya alumini huliwa haraka zikipata maji ya chumvi, hivyo alumini ifungwe kwa chuma cha pua. Mbao zilizotiwa dawa yenye shaba nazo hula zinki, na mipako ya kawaida haidumu ndani yake.

Kupima urefu na kukaza

Urefu wa skrubu ya kichwa cha koni hupimwa kuanzia juu ya kichwa hadi nchani. Kwa mfano wetu, mbao ya 18 na chuma cha 2 ni milimita 20. Ncha haishiki kitu, hivyo ijumlishe, kisha ongeza meno yasiyopungua matatu yatakayotokea upande wa pili. Skrubu ya 38 inafaa. Hakikisha tu kwamba haitagonga ukuta wa pili wa bomba, na kwamba hakuna waya wa umeme uliopitishwa ndani.

Tumia biti inayojaa vizuri kwenye kichwa: kwa skrubu za msalaba za 3.5 hadi 4.8 ni PH2, kwa 5.5 na 6.3 ni PH3. Kasi isizidi mizunguko 2,500 kwa dakika kwa skrubu ndogo na 1,800 kwa kubwa, na chuma cha pua kiende polepole zaidi. Ncha ikigeuka bluu, imeungua na haitakata tena. Weka klachi ya drili ili ikatike kichwa kinapolala. Vaa miwani, na fagia vinyweleo vya chuma siku hiyohiyo, maana vikilala usiku mmoja na umande huacha madoa ya kutu kwenye shiti mpya.

Skrubu ikizunguka bila kukaza, meno ya tundu yamekwisha. Ing'oe, weka ya kipenyo kinachofuata: 5.5 mahali pa 4.8, au 6.3 mahali pa 5.5. Kama tayari ulikuwa na 6.3, toboa tundu jipya pembeni, mbali na la zamani, na uzibe la zamani kwa silikoni kabla ya kupaka rangi.