Kugawa Diski Kabla ya Kuweka Mfumo Endeshi

Kompyuta nyingi zilizokwisha tumika zingali na mfumo endeshi wa Windows 10, ambao Microsoft ilisitisha huduma zake za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Tuchukue mfano wa mwalimu wa sekondari huko Tukuyu atakaye kuweka Linux kando ya mfumo huo, ilhali alama za wanafunzi wa vidato vyote zimo humo humo. Hana budi kwanza kuigawa diski.

Kugawa diski ni kuandika mipaka. Atazamaye miteremko ya Rungwe huona chai inakoishia na migomba inakoanzia, ingawa ardhi yenyewe haikupasuliwa. Mipaka ya diski huandikwa katika jedwali dogo lililo mwanzoni mwake. Katika utaratibu uliotokea mwaka 1983, pamoja na toleo la pili la DOS ya IBM, jedwali hilo lilikuwa na baiti 64 tu, yaani nafasi nne za baiti 16 kila moja. Kwa hiyo sehemu kuu hazikuweza kuzidi nne. Utaratibu mpya, uitwao GPT, kwa kawaida huwa na nafasi 128, na huweka nakala ya jedwali mwishoni mwa diski.

Basi mpaka ukifutwa kwa bahati mbaya, data bado ipo. Asiandikwe neno lolote juu ya diski hiyo mpaka jedwali lirudishwe.

Kupunguza sehemu yenye data ni jambo zito zaidi, kwani programu huenda ikalazimika kuhamisha data kutoka mahali hadi mahali. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kama itokeavyo siku za radi, majalada huweza kuharibika kabisa. Alama zinakiliwe kwanza kwenye flashi, tena flashi hiyo ichomolewe. Kompyuta ya mapajani yenye betri iliyojaa ina nafuu hapa kuliko ya mezani.

Diski iliyoandikwa gigabaiti 500 huonekana katika Windows kama 465, kwa sababu kiwanda huhesabu kwa maelfu na Windows huhesabu kwa 1,024. Windows ipewe 150, Linux 40, na zilizosalia, kama 275, ziwe sehemu ya data peke yake, katika muundo wa NTFS unaosomwa na mifumo yote miwili. Sehemu ndogo ya kuwashia iliyopo isiguswe. Programu ya kuweka Linux ikiuliza, lisichaguliwe lile la kufuta diski nzima. Tunaliona ndilo la hatari kuliko yote, maana huwa rahisi mno kulibonyeza. Siku mfumo utakapoharibika, itafutwa sehemu yake tu, na alama zitabaki.

Zoezi: Jedwali la zamani huandika namba ya sekta kwa biti 32. Ikiwa kila sekta ina baiti 512, jedwali hilo laweza kuhesabu baiti ngapi?