Namba Hii Umeitoa Wapi?

Tuseme msimamizi wako amezungushia wino mwekundu sentensi moja ya pendekezo lako la utafiti: "Kiswahili kina wasemaji milioni 200." Pembeni kaandika: nani kasema? Usikimbilie steshenari kwa yule kijana anayeuza "sura ya pili" iliyokwisha kuchapwa. Msaada upo chuoni, na mwingi ni wa bure.

Hatua ya 1: Bana swali. Andika sentensi unayotaka kuihakiki, na chini yake maswali matatu: nani alihesabu, lini, na alihesabu nini? La tatu ndilo lenye utata. Je, tunawahesabu waliolelewa kwa Kiswahili tu, au na mchuuzi wa Goma anayekitumia sokoni kisha akirudi nyumbani anasema lugha nyingine? Usiende kwa mtu yeyote kabla hujajua unauliza lipi.

Hatua ya 2: Nenda kwa mkutubi wa marejeleo. Wengi hupita mbele ya dawati lake kila siku wakitafuta soketi ya kuchajia simu. Ukimwambia "naomba vitabu vya Kiswahili", atakuonyesha rafu, basi. Mwambie hivi: "Shikamoo. Natafuta chanzo cha kwanza cha idadi ya wasemaji wa Kiswahili. Nimeona tamko la UNESCO, nataka kujua hesabu yenyewe ilifanywaje." Swali kama hilo linampa pa kuanzia.

Muulize pia kuhusu hifadhidata ambazo chuo kimelipia. Makala unayodaiwa dola ukiwa bwenini huenda ikafunguka bure kwa nywila ya maktaba. Majarida mengi ya Afrika yapo kwenye African Journals Online, na mengi kati yake hayadai senti. Ukiwa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulizia mkusanyo wa East Africana. Kuna maandishi humo ambayo hutayaona kwenye simu hata ukeshe.

Hatua ya 3: Ifuate namba hadi kwao. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na katika maelezo yake husema lugha hii ina wasemaji zaidi ya milioni 200. Hayo ni makadirio ya jumla. Linganisha na watu 61,741,120 wa Tanzania: hao walihesabiwa katika sensa ya 2022, na ripoti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu inakuonyesha mchanganuo mkoa kwa mkoa. Namba ya pili ina jedwali nyuma yake. Ya kwanza ina jina la taasisi, na jina la taasisi ndilo linalowafanya watu wanakili bila kuuliza.

Hatua ya 4: Kama dai limetoka WhatsApp, pitia kwanza kazi za wahakiki: JamiiCheck na Nukta Fakti kwa Tanzania, PesaCheck na Africa Check kwa eneo pana zaidi. Huenda wameshalishughulikia.

Hatua ya 5: Programu za akili unde zikikupa rejea, zichukulie kama tetesi. Hutunga kitabu, mwandishi na hata namba ya ukurasa kwa ujasiri wa kutisha. Kama kitabu hukioni kwenye katalogi ya maktaba wala kwa mchapishaji, kifute. Na kama kipo, kifungue ukurasa huo uone kama kweli kinasema hivyo.

Hatua ya 6: Rudi kwa msimamizi na sentensi mpya mkononi, si na malalamiko. Kwa mfano: "Kwa mujibu wa UNESCO, Kiswahili kina wasemaji zaidi ya milioni 200, ingawa makadirio hutofautiana kutegemea kama wanaokitumia kama lugha ya pili wamejumuishwa." Ni ndefu kuliko ile ya mwanzo, na haina mbwembwe. Mwache achukue tena kalamu yake nyekundu.