Je, Mfungwa Naye Asomeshwe?

Mzazi aliyeuza ndama wake wa mwisho ili alipe karo ya mwanawe ana swali, nalo ni swali la haki. Kwa nini mtu aliyevunja nyumba ya jirani, au aliyemwaga damu, apewe gerezani mwalimu, vitabu na hata cheti cha chuo kikuu bila kulipa, hali mtoto asiyemkosea mtu anarudishwa nyumbani kwa sababu ya shilingi chache? Wasomaji wapenzi, tusilidharau swali hilo. Wala tusilijibu upesi kwa kusema kwamba huruma ni wajibu wa Mkristo. Anayeuliza hakuikana huruma. Anauliza habari ya haki, basi na ajibiwe kwa haki.

Swali hili si letu peke yetu. Wamarekani wamebishana juu yake kwa miaka mingi, wakaamua hivi, kisha wakaamua vingine, na matokeo yake yameandikwa. Tuyatazame, hasa mambo ya Jimbo la New York, maana huko shule na gereza vimekaa pamoja kwa muda mrefu.

Mwaka 1876 lilifunguliwa huko Elmira gereza la namna mpya, kwa vijana wa kiume wenye umri wa miaka 16 hadi 30 waliohukumiwa kwa mara ya kwanza. Msimamizi wake, Zebulon Brockway, aliweka shule na mafunzo ya kazi za mikono. Kifungo nacho hakikuwa na siku iliyokatwa tangu mwanzo. Mtu alitoka mapema au alichelewa kwa kadiri ya mwenendo wake. Sifa za Elmira zilienea hata ng'ambo ya bahari. Lakini wachunguzi wa serikali walipoingia ndani katika miaka ya 1893 na 1894, walikuta kwamba bwana yule yule aliyeleta vitabu alikuwa akiwapiga wafungwa kwa ukatili. Mkono mmoja kitabu, mkono wa pili kiboko. Hata hivyo alikaa kazini mpaka mwaka 1900.

Habari ya Elmira yatufundisha kupima jambo lenyewe, si jina lake. Huko Zanzibar magereza huitwa Vyuo vya Mafunzo. Jina hilo ni zuri kupita la kwetu, lakini ni kama hati ya deni: limeandikwa ili lilipwe.

Twende mbele hadi Septemba 1971. Wafungwa wa gereza la Attica, katika jimbo lile lile la New York, waliliteka gereza na kuwashika askari mateka kwa siku nne. Katika madai yao, pamoja na chakula bora na matibabu, walitaka elimu iliyo ya kweli. Gavana Nelson Rockefeller aliamuru gereza litwaliwe kwa silaha, na hesabu ya waliokufa katika machafuko yote ikawa watu 43, wafungwa pamoja na watumishi wa gereza. Mwaka uliofuata, 1972, serikali kuu ilianzisha ruzuku ya karo kwa wanafunzi maskini, ambayo baadaye iliitwa Pell, na mfungwa hakutengwa nayo. Vyuo vikaanza kuwatuma waalimu wao magerezani, na katika miaka ishirini mafunzo ya namna hiyo yakawa mamia nchini kote.

Ndipo likaja swali la mzazi wetu, likaulizwa ndani ya Bunge la Marekani. Seneta Kay Bailey Hutchison wa Texas na wenzake walisema kwamba si haki mhalifu asomeshwe kwa fedha za kodi hali watoto wa watu waaminifu wamekosa. Maneno hayo yaliwachoma watu moyoni, na sheria ya mwaka 1994 ikawafungia wafungwa wote mlango wa ruzuku ile. New York nayo mwaka uliofuata ikaondoa msaada wake. Mafunzo yaliyokuwa mamia yakabaki ya kuhesabika kwa vidole.

Hapa yatupasa kufanya hesabu, maana waliopiga kura hawakuifanya. Katika wanafunzi wote waliopokea ruzuku ya Pell, wafungwa hawakufika hata mmoja katika kila mia. Isitoshe, ruzuku hiyo haikuwa chungu kimoja ambacho akipakuliwa huyu mwingine hukosa. Kila mwanafunzi aliyestahili kwa umaskini wake alipewa. Mtoto wa mtu mwaminifu hakuongezewa senti moja kwa sababu ya sheria ile. Mzazi alikuwa na uchungu wa kweli, nao ukaelekezwa kwa asiyeushika mfuko.

Waliohuzunika kwanza walikuwa wafungwa wenyewe. Katika gereza la Sing Sing, lililo kando ya mto Hudson, baadhi yao walitafuta msaada kwa watu wa dini na watu wengine wa nje, na mwaka 1998 masomo ya chuo yakarudi kwa fedha za wafadhili. Mwaka 2001 Chuo cha Bard nacho kikaanza kufundisha katika gereza la Eastern, huko Napanoch. Kanuni ya Bard ni ngumu, nasi twaipenda kwa ugumu wake: mfungwa aandike insha, ahojiwe, na wengi hukataliwa, akiingia, masomo ni yale yale ya chuoni na alama hazipunguzwi kwa kumwonea huruma.

Septemba 2015 watatu miongoni mwa wanafunzi hao walishindana kwa hoja na vijana wa Chuo Kikuu cha Harvard, ndani ya gereza hilo hilo. Wafungwa hawakuwa na intaneti. Kitabu walichokihitaji kiliombwa kwa wakuu wa gereza, na mara nyingine kilichukua majuma kufika. Tena walipangiwa kutetea jambo wasiloliamini, yaani kwamba shule za umma ziruhusiwe kuwakataa watoto walioingia nchini bila hati. Waamuzi wakawapa wafungwa ushindi. Magazeti ya ulimwengu yalishangilia kwa kuwa Harvard imeshindwa. Sisi twaona jambo kubwa zaidi: mtu ambaye labda zamani alijibu neno kwa kisu alikaa majuma mengi akiyafikiri mawazo ya mpinzani wake mpaka akaweza kuyatetea kuliko mpinzani mwenyewe. Hilo si burudani. Wako watu huru wengi wasioliweza.

Je, mtu wa namna hiyo akitoka hurudi tena? Mwaka 2013 wataalamu wa shirika la RAND walikusanya chunguzi nyingi za Marekani na kuzilinganisha. Walikuta kwamba kwa waliosoma gerezani uwiano wa kurudi ulikuwa chini kwa asilimia 43 kuliko kwa wasiosoma. Tarakimu hiyo hutajwa mara nyingi, na mara nyingi hutajwa vibaya. Haina maana kwamba katika watu mia waliosoma, 43 waliokolewa. Ukihesabu vichwa, tofauti ni kama watu 13 katika mia. Mwenye shaka ataongeza kusema kwamba anayejiandikisha shuleni amekwisha taka kugeuka, basi sifa ni ya nia yake, si ya kitabu. Shaka hiyo ina haki yake. Ndiyo maana RAND walitegemea hasa chunguzi zilizolinganisha watu wa hali moja. Hata watu 13 ni nyumba 13 zisizovunjwa, au zaidi. Na kwa upande wa fedha, walikadiria kwamba kila dola moja ya masomo huokoa dola 4 hadi 5 za kumfunga mtu tena katika miaka 3 baada ya kutoka. Mlipa kodi asiyejali roho ya mfungwa na ajali mfuko wake.

Hata hivyo hesabu hazitulizi watu upesi. Mwaka 2014 Gavana Andrew Cuomo alitaka New York igharimie tena masomo ya chuo magerezani. Wajumbe wakapiga kelele ile ile ya miaka ishirini nyuma, naye akaiondoa hoja yake baada ya wiki chache. Serikali kuu ilianza tena kwa majaribio mwaka 2015, na tangu Julai 1, 2023, mfungwa wa Marekani aliye maskini aweza kuomba ruzuku ya Pell kama raia wengine. Miaka 29 ilipita kati ya kufunga na kufungua.

Sasa turudi kwenye haki. Hakimu anapotamka miaka saba, ametamka kwamba mtu aondolewe uhuru wake miaka saba. Hakutamka kwamba akili yake ioze. Alexander Paterson, kamishna wa magereza ya Uingereza aliyekuja kuyakagua magereza ya Afrika ya Mashariki mwaka 1939, alishika maisha yake yote fikira hiyo, kwamba kule kufungwa ndiyo adhabu yenyewe, na msimamizi wa gereza hana ruhusa ya kuongeza nyingine. Aliyedhulumiwa naye ana dai lake, na dai hilo halifutwi na cheti chochote. Lakini hafaidiki kitu mfungwa akitoka mjinga kuliko alivyoingia. Kesho watakutana njiani, au sokoni, au kanisani.

Hapa Afrika ya Mashariki mambo hayo yanaonekana tayari. Katika gereza la Kamiti nchini Kenya, na Luzira nchini Uganda, wafungwa wamesomea sheria ya Chuo Kikuu cha London kwa njia ya posta na mitihani, kisha wakawaandalia wenzao rufani ambazo hawakuwa na fedha za kumlipa wakili aziandike. Mfungwa asiyejua kusoma hukumu yake mwenyewe alipata mtu wa kumsomea na kumweleza.

Lakini nje ya lango kuna karatasi nyingine inayomngoja. Mwajiri wa Kenya hudai cheti cha polisi cha tabia njema, na pale hukumu ya zamani hujitokeza kabla mwenye cheti cha chuo hajafungua kinywa. Marekani swali hilo huulizwa katika fomu. Uchunguzi mmoja juu ya Chuo Kikuu cha Jimbo la New York ulionyesha kwamba, katika waombaji waliokiri kuwa walipata kuhukumiwa kwa kosa kubwa, karibu theluthi mbili waliacha maombi yao katikati. Hawakukataliwa na mtu. Waliulizwa, wakaenda zao. Mwaka 2016 wakuu wa chuo hicho waliamua swali hilo liondolewe katika fomu ya kuombea nafasi.