Pwani, plaji na bichi: maneno ya kuchagulia mahali pa kuogelea Ziwa Kivu

Mwaka jana nilipewa kazi ya kumtembeza mgeni, mwanafunzi wa isimu kutoka Unguja aliyekuja kusikiliza Kiswahili cha Bukavu. Siku ya pili akaniambia anataka kwenda ufukweni. Mimi nilikuwa na somo hadi saa sita, nikamwambia atangulie. Akapanda pikipiki, akamwambia motari: “Nipeleke bichi.” Kwao kila kijana analijua neno hilo. Na motari alimpeleka bichi kweli. Nilipofika nilimkuta amesimama kati ya magunia ya makala na marundo ya mananasi ya Idjwi, taulo begani, wapakuzi wakimpigia kelele awapishe njia.

Hakuna aliyekosea. Huku kwetu bichi ni mahali boti zinapotia nanga, watu wakapanda na mizigo ikashuka. Ni hivyo Kongo nzima: Beach Ngobila ya Kinshasa, inayotazamana na Brazzaville ng’ambo ya mto, ni bandari, wala hakuna anayekwenda pale kuota jua. Neno la Kiingereza limeingia Unguja kwa mlango wa watalii, kwetu likaingia kwa mlango wa wasafirishaji. Mtu anayetaka kuoga, Bukavu, aseme plaji. Akisema bichi atauliziwa tiketi.

Hilo tulicheka likaisha. Jambo lililonifanya niandike makala hii lilitokea saa moja baadaye, tulipofika kwenye kipande cha ukingo ambapo akina mama hufua nguo. (Kupata kipande kama hicho si rahisi. Kwenye rasi za Ibanda ukingo mwingi umefungwa kwa kuta za parseli za watu, na mtoto wa Bukavu anaweza kukua akiliona ziwa kila siku bila kuligusa.) Mgeni aliyatazama maji, akaniuliza: “Kaka, yanajaa saa ngapi?”

Swali lilinishangaza kwa sababu sikuwahi kulifikiria. Lakini limo ndani ya neno lenyewe analolitumia. Pwani inatokana na kitenzi kupwa, yaani maji kurudi nyuma na kuacha mchanga wazi, pamoja na kiambishi cha mahali -ni. Pwani ni pale maji yanapokupwa. Anayechagua mahali pa kuogelea Unguja huanza na swali hilo. Paje na Jambiani, upande wa mashariki, maji yakitoka huenda mbali sana, wanawake wakatembea kwenda kwenye mashamba yao ya mwani, na muogeleaji hana budi kungoja. Nungwi na Kendwa, kaskazini, maji hayaendi mbali hivyo, mtu huogelea karibu saa zote. Halafu kuna mwezi: ukiwa mwandamo au mpevu huja bamvua, maji hujaa sana na kutoka sana. Halafu kuna upepo: kusi hupiga upande mmoja wa kisiwa na kaskazi upande mwingine. Mtu wa kule hana haja ya kufundishwa hayo; anauliza saa, mwezi na upepo, kisha anachukua taulo.

Ziwa Kivu halipwi. Liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, nalo ni bonde lililozama: zamani maji ya huku yalielekea kaskazini, hadi volkano za Virunga zilipoziba njia kwa lava yao, maji yakapanda, yakafunika mabonde, mwishowe yakapata mlango wa kusini, ndio mto Ruzizi unaotoka hapa hapa Bukavu kwenda Tanganyika. Rasi zetu, ambazo watu hupenda kuzifananisha na vidole vya mkono uliotiwa majini, ni migongo ya vilima. Kwa hiyo anayeingia ziwani anaendelea kushuka kilima kile kile alichokuwa akikishuka kwa miguu.

Mgeni wangu hakujua hayo, na mimi mwenyeji sikumwambia. Aliambiwa hakuna mawimbi, hakuna mamba, akaingia kama mtu wa Paje anavyoingia: anatembea, anatazama mbele, anangoja maji yafike kiunoni. Hatua ya kwanza gotini. Ya pili pajani. Mama mmoja aliyekuwa akisuuza mashuka akapiga ukelele: “Dada, usiende mbele! Pale kunashuka!” Hatua ya tatu ilikuwa imekwisha kwenda. Akazama hadi kichwa, akaibuka, akashika shuka alilorushiwa. Anajua kuogelea vizuri kuliko mimi, lakini mwili ulikuwa umejiandaa kwa mchanga uliokuwa haupo.

Jioni, chai mkononi, tulirudi kwenye maneno. Plaji tumeichukua kutoka Kifaransa, nao Wafaransa waliichukua kutoka Kiitalia, piaggia, neno ambalo maana yake ya zamani ni mteremko. Mimi huwa na ukali kidogo kwa maneno ya Kifaransa tunayoyatia katika Kiswahili bila sababu, ila hili lazima niliheshimu: kwa asili yake linafaa Kivu kuliko pwani. Tukaongeza Kigiriki, kwa sababu yeye aliwahi kukisoma kidogo. Ugiriki ni nchi ya visiwa vingi, na ufukwe wao ni paralia: para, kando ya, na hals, chumvi au bahari. Kando ya chumvi. Halisemi lolote kuhusu kupwa, na bahari ile kweli hupwa na kujaa kidogo tu. Anayechagua ufukwe katika visiwa vile huuliza kama ni mchanga au kokoto, na kama umejikinga na meltemi, upepo wa kaskazini unaovuma kiangazi. Saa za maji hazimhusu.

Kuna neno moja la huku ambalo anayechagua plaji analihitaji kuliko yote, nalo limekwenda hadi kwenye vitabu vya wataalamu wa volkano duniani: mazuku. Wao hulitafsiri “upepo mbaya” na kuandika kwamba ni Kiswahili. Mgeni wangu hakuwahi kulisikia. Alichokijua ni mzuka, pepo anayetokea ghafla, na kufanana huko kunastahili utafiti. Mazuku ni gesi ya kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini upande wa kaskazini wa ziwa, kuelekea Goma na Sake. Ni nzito kuliko hewa, hutulia mashimoni na kwenye vidimbwi vya ukingoni, zaidi usiku na alfajiri kabla upepo na jua havijaitawanya. Haionekani. Mtu huinama au hulala, asiinuke. Gesi nyingine inayozungumzwa sana, ile iliyoyeyuka chini ya ziwa, iko kwenye kina cha zaidi ya mita 250 na haimfikii muogeleaji. Kwa hiyo kule Goma swali la kwanza ni “Hapa kuna mazuku?” na anayelijibu vizuri ni mkaaji wa pale, si ramani.

Wanaofundisha Kiswahili katika shule zetu wana vifungu vya kusoma vilivyoandikwa pwani. Nimefundisha kimoja wakati wa mazoezi ya ualimu, chenye watoto wanaokimbia majini mpaka mbali. Nilieleza ufukwe kwa kusema “ni plaji”, nikapita kwenye aya iliyofuata. Ningekifundisha leo, ningesimama hapo nusu saa, na ningeanza na hatua ya tatu.

Kabla hatujaondoka ukingoni siku ile, mgeni, nguo zikimchuruzika, alitoa daftari lake na kumuuliza yule mama mahali tulipo panaitwaje. Mama alitazama huku na huku, mashuka, mawe, maji.

“Hapa? Ni kando tu.”

Akaliandika.